Mji wa Bi Mize na Mji wa Bi Chausiku

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii yetu yenye simu na viwanja vya ndege, paliondokea pale Pangani bwana mmoja akiitwa Mzee Waziri, mwenye wake wawili. Mkubwa Bi Mize, mdogo Bi Chausiku. Mzee Waziri alikuwa mwadilifu mpaka akawa anachosha. Akinunua kanga, ni jozi mbili. Akileta samaki mmoja, anampasua katikati, na kichwa wanapeana zamu. Siku moja tajiri wa duka akampa kalenda yenye picha za miji ya kale ya Moroko. Mwingine angeitundika ukumbini. Yeye akaichana! Picha ya Fezi akaibandika chumbani kwa Bi Mize, picha ya Marakeshi akaibandika chumbani kwa Bi Chausiku. Uadilifu huo ndio uliotuletea kesi hii, basi kaeni vizuri.

Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu, Mbaruku. Bi Mize alimzaa. Bi Chausiku hakujaliwa, lakini mtoto alikula kwa huyu akalala kwa yule, na ukimwuliza mama yako nani, anakuuliza, "Wewe unamtaka yupi?"

Siku moja mtoto akashikwa na degedege, na baba yuko safarini. Bi Mize akamshikilia asijiumize. Bi Chausiku akatoka mbio kutafuta gari, akalikosa, akarudi, akamtia mtoto mgongoni na kukimbia naye mpaka hospitali. Huko wakaambiwa wangoje nje. Mwaka huo walikuwa hawasemezani, basi mmoja akakaa benchi la huku, mwingine benchi la kule, na kila mmoja akaweka nadhiri yake kimoyomoyo.

Bi Mize akasema, "Ya Rabi, mwanangu akipona, atakwenda kusimama kwa miguu yake katika mji wa Fezi. Na mpaka asimame, mimi sitatafuna tena tambuu."

Bi Chausiku akasema, "Ya Rabi, mwanangu akipona, atakwenda kusimama kwa miguu yake katika mji wa Marakeshi. Na mpaka asimame, mimi sitacheza tena ngoma ya lelemama."

Wapi Pangani, wapi Moroko! Lakini mtu mwenye hofu hutaja kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona, na wao walikuwa wameona picha moja moja.

Mtoto akapona, na nadhiri si jambo la kutangaza. Mtaa ukabaki unashangaa. Bi Mize, ambaye chakula kwake kilikuwa kisingizio tu cha tambuu ya baadaye, akaletewa tambuu na popoo na chokaa yake arusini akasukuma sinia kando. Bi Chausiku alikuwa kinara wa chama chake cha lelemama. Alipojitoa, chama kikavunjika, na wapinzani wakamtungia nyimbo za kejeli wakaja kuziimba barazani kwake. Alikuwa na majibu, tena makali. Akayameza yote. Mzee Waziri akafa bila kujua, na Mbaruku akakua, akawa fundi baiskeli, akamwoa Mwantumu, mshonaji wa kofia.

Sasa, kofia za Mwantumu zilikuwa za kukufanya uvue yako uifiche. Akaalikwa kwenye maonyesho ya mafundi huko Rabati, Moroko, aje na mwenzake mmoja, naye akamchagua mumewe. Siku zote ni za kazi, ila moja ya mapumziko, na hiyo inatosha kwenda na kurudi mji mmoja tu. Mbaruku akalieleza hilo barazani, kwa furaha, hana habari.

"Basi utakwenda Fezi!" akadakia Bi Mize.

"Atakwenda Marakeshi!" akasema Bi Chausiku.

Wakatazamana. Na hapo ndipo kila kitu kilipotoka, tambuu na lelemama, benchi la huku na benchi la kule. Mbaruku akakaa chini. Alikuwa ametembea maisha yake yote juu ya deni la watu wawili, na hakuna aliyemdai hata siku moja.

Wakaenda kwa sheikh. Sheikh akawaambia, "Zipo njia za kutoka. Lisheni maskini, mrudi kwenye starehe zenu."

"Mimi sikuahidi chakula," akasema Bi Mize. "Niliahidi mji."

"Na mimi sikuomba kwa kubahatisha," akasema Bi Chausiku. "Nilipewa nilichoomba, nami nitatoa nilichosema."

Sheikh akacheka, akasema kwa wanawake hawa yeye ameshindwa.

Ikawa kudaiana kila siku. Bi Mize anasema, "Nimemzaa mimi. Mwenye uchungu ni mimi. Na meno yananiaga moja moja, mwakani nitatafuna tambuu kwa meno gani?"

Bi Chausiku anasema, "Umemzaa, sawa, lakini siku ile alipumua mgongoni kwangu. Wewe ulikosa ladha, mimi nilikosa watu. Walinisuta mlangoni kwangu nikanyamaza. Na magoti haya hayana muda."

Mbaruku akamwomba mkewe amsaidie kuchagua. Mwantumu akakataa kabisa. "Safari ni yangu, lakini mama ni wako. Nitapanda treni utakayopanda wewe. Nikichagua mimi, nitasutwa mpaka wajukuu zangu wasutwe."

Wakasafiri. Siku ya mapumziko ikafika, na asubuhi hiyo Mbaruku akasimama katika stesheni ya Rabati. Treni ya Fezi inaelekea huku, ya Marakeshi inaelekea kule. Akapiga simu nyumbani awaage wazee wake. Akawakuta wamekaa mkeka mmoja.

"Mwanangu," akasema Bi Mize, "nimefikiri. Nenda Marakeshi. Mwenzangu alimeza maneno kwa ajili yako, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikimcheka. Nataka nimwone amesimama tena mbele ya watu. Mimi mama yako nakuamuru."

Simu ikanyakuliwa. "Usimsikilize!" akasema Bi Chausiku. "Nenda Fezi. Huyu aliniachia mtoto wake nikamlea kama wangu, na kabla ya kesi hii hakuniambia hata siku moja kwamba si wangu. Mwanamke gani anafanya hivyo? Atafune tambuu yake. Nami ni mama yako, nami nakuamuru."

Kisha akasikia wanagombana, na wanalia, na simu ikakatika.

Haya, semeni. Na asiinuke mjanja akaniambia Mbaruku aende mmoja na mkewe mwingine, nadhiri zilitaka miguu yake yeye. Wala msiniambie atarudi tena mwakani. Nyinyi mnamjua fundi baiskeli gani anayekwenda Moroko kila mwaka?

Akimtii Bi Mize, anamwacha Bi Mize kifungoni, aliyemzaa. Akimtii Bi Chausiku, anamwacha Bi Chausiku kifungoni, aliyembeba. Hawezi kumfungua mmoja ila kwa kumvunjia amri huyo huyo. Mwantumu ameshika begi. Milango ya treni zote mbili iko wazi.

Je, ni nani aliyestahili kufunguliwa?