Pete ya Sultani na Mlango wa Chuo

Alitawala zamani katika mji wa Marashani kijana aitwaye Sultani Hamdani bin Mansabu, na chini yake miji midogo arobaini iliyokula fungu la hazina yake. Mwaka mmoja merikebu hazikuja, na ushuru wa forodha ukapungua, na hazina ikapwaya. Badala ya kupunguza karamu, Sultani akasugua pete yake ya ajabu, na jini aliyeitumikia, Kamkamu, akatokea.

"Jaza pengo la hazina yangu!"

"Labeka, bwana wangu."

Kulipokucha hazina ilifurika. Hakuna aliyeuliza dhahabu ilikotoka, kwani barazani ilikuwa mwiko kumwuliza jini anakotoa vitu vyake, na mwiko huo uliwafaa sana wasiotaka kujua.

Huko Kivumbasini, mmoja wa miji ile arobaini, asubuhi ileile, mwalimu Bi Mwanakheri alikuta chuo hakina paa. Kesho yake vibao vya kuandikia vikatoweka, na siku ya tatu posho ya walimu. Akamwendea Liwali Shekue, mtawala wa mji.

"Mwanangu, fungu letu halikuja," alisema mzee. "Nimewaongezea watu kodi, nayo imeyeyuka kabla sijaitia mfukoni. Funga chuo."

"Na watoto sitini niwapeleke wapi, Liwali?"

Siku ya nne ukatoweka mlango, uliochongwa na marehemu babake Mwanakheri, wenye alama ya msumari aliyoikwaruza yeye utotoni akachapwa. Hapo akavaa viatu na kushika njia ya Marashani, mwendo wa siku saba. Njiani akasikia kuwa hazina ya Sultani ilifurika asubuhi ileile chuo kilipopoteza paa.

Barazani akasema, "Bwana wangu, sitaki sadaka. Nataka kuiona hazina yako tu."

Mawaziri wakacheka, lakini Sultani akaupenda ujasiri wake, akampeleka mwenyewe. Mlango wa hazina ulikuwa mpya, umepakwa dhahabu. Mwanakheri akaupapasa kwa chini, na kidole kikatulia penye alama ya msumari. Akalia mbele za watu bila haya, kisha akamgeukia jini, ambaye nchi nzima ilimjua, aliyesimama nyuma ya Sultani.

"Kamkamu, vitu hivi umevitoa wapi?"

Watu wakashika vinywa. Jini akashusha pumzi kama hamali atuaye gunia.

"Miaka elfu nangoja kuulizwa," akasema. "Jini hana shamba wala duka. Nachukua kule, naweka huku. Bwana, pengo lako sikuliziba, nimelihamishia Kivumbasini."

Sultani akaona aibu, aibu ya kweli, akafuta karamu za mwaka mzima. Na kwa kuwa alikuwa hajaoa, na moyo wake ulikwisha kumpenda mwalimu huyu, akamposa.

"Mahari yangu," akajibu Mwanakheri, "kila kitu kirudi kwa wenyewe, na pete niivae mimi."

Wakaozwa kwa kahawa na tende. Chuo kikapata mlango wake, ukiwa bado na dhahabu, na watoto wakaibandua kwa kucha wakanunulia wino. Merikebu zikarudi baadaye, na mji ukatajirika polepole, kama watu wa kawaida watajirikavyo.

Tangu hapo Sultani akitamani kitu, mkewe huuliza, "Kitoke kwa nani?" Na mara nyingi Sultani husema, "Basi, acha."

Hekaya yangu ni hiyo. Anayeitaka na aichukue, ila kwanza aulize nimeitoa wapi.