Nakiete Alipotoka Majini Bila Kubatizwa

Wazee wetu wa imani, Mungu awarehemu, wametusimulia habari za mwanamke mmoja aitwaye Nakiete, aliyeishi zamani katika bonde la Kisunge, siku zile Injili ilipokuwa bado changa huko.

Zama hizo mtu hakubatizwa kwa haraka. Alifundishwa kwanza miaka miwili, wengine mitatu, kisha wazee wa kanisa wakamsikiliza akitamka imani, sala na amri kumi. Akishinda, jina lake lilitangazwa Jumapili tatu, na kila Jumapili Mchungaji aliuliza kama yuko mtu ajuaye neno la kumzuia. Na kwa muda wote wa kungoja, wanafunzi wa ubatizo walikaa viti vya nyuma. Mahubiri yakiisha walitoka nje, mlango ukafungwa, na waliobatizwa wakabaki ndani kuishiriki Meza ya Bwana.

Nakiete alikuwa ametokea mlango ule kwa miaka minne. Hakuwa mvivu wala mkorofi, ila kichwa chake hakikushika maneno kwa mpangilio. Kila alipoulizwa amri kumi alikwenda vizuri hadi ya tano, kisha akaruka hadi ya saba, akatangatanga huko kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Wazee wakamwambia kwa upole, "Rudi, mama, ukajifunze tena."

Katika mwaka wa tatu wa kungoja huko, mdogo wake wa kiume akaoa binti mmoja jina lake Mkunde. Naye aliingia darasani, akakaa kwenye kiti kile kile cha nyuma, lakini haukupita mwaka mmoja na nusu akawa anajua yote, na tena anayaimba kwa sauti iliyowafanya watu wageuze shingo.

"Nakiete!" wanawake wakamtania kisimani. "Wifi yako ana kichwa, jamani. Atakutangulia majini, wewe ubaki ukingoni kumshikia nguo!"

"Nitamshikia," Nakiete akajibu, akacheka pamoja nao. Lakini alipofika nyumbani aliutua mtungi kwa kishindo, nusu ya maji ikamwagika.

Wivu, wapendwa, hauanzi kwa kumchukia mtu. Huanza kwa kujipima naye. Kila Mkunde aliposifiwa, Nakiete alijiona amepungua, kana kwamba sifa ile imechotwa kutoka kwake.

Ilipokaribia Pasaka, wote wawili walisikilizwa na wazee. Mkunde alishinda. Nakiete aliruka tena kutoka amri ya tano hadi ya saba.

Jina la Mkunde likatangazwa Jumapili ya kwanza na ya pili. Katika wiki ile ya mwisho, Nakiete alikwenda kuokota kuni alfajiri, akamwona wifi yake akiingia nyumbani kwa Kitojo, mganga aliyeogopwa bonde zima. Kitojo mwenyewe alikuwa safarini kuchimba mizizi. Nakiete akasimama nyuma ya ua, akasikiliza. Akasikia sauti ya mke wa Kitojo, mwanamke mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, akifuatisha neno kwa neno: "Baba yetu... uliye mbinguni..."

Kisha mgonjwa yule akasema, "Mume wangu akijua atanifukuza, mwanangu. Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu, mama," Mkunde akajibu.

Nakiete alisikia yote hayo. Jumapili ya tatu Mchungaji alipouliza kama yuko ajuaye neno, alisimama.

"Nilimwona wifi yangu akiingia nyumbani kwa Kitojo mganga," akasema. "Ilikuwa alfajiri, watu hawajaamka."

Mchungaji akamgeukia Mkunde. "Ni kweli, binti yangu?"

"Ni kweli, Baba Mchungaji."

"Ulifuata nini?"

Mkunde akainamisha kichwa. "Sikufuata dawa. Zaidi ya hapo nimeahidi kutosema."

Wazee walishauriana, wakaamua angoje miaka miwili. Ndipo Nakiete alipokaa, akajiambia kwamba hakusema uongo. Na kweli, hakuna neno hata moja alilolisema lililokuwa la uongo. Ila aliyapanga maneno ya kweli hadi yakafanya kazi ya uongo.

Jumapili iliyofuata, mahubiri yalipoisha, walitoka nje wote wawili. Mlango ukafungwa nyuma yao. Nakiete alitazamia matusi, au angalau kimya kikali. Mkunde akapangusa jiwe kwa upindo wa kanga yake.

"Wifi, njoo ukae hapa. Hebu niambie zile amri."

Nakiete akaanza, akihesabu kwa vidole. Alipomaliza mkono mmoja akakwama, kisha akaruka.

"Ahaa!" Mkunde akacheka. "Nimeona unapoangukia. Vidole vya mkono mmoja vikiisha, unashtuka. Usirukie katikati. Vuka taratibu, uanze na gumba la mkono wa pili. Gumba ndilo la sita."

Nakiete akalishika gumba lake, akalitazama. "Wifi, hunikasirikii?"

"Nilikukasirikia sana. Nililia siku tatu, hata mdogo wako akaniuliza kama nimefiwa." Mkunde akakunja upindo wa kanga. "Lakini ulisema ulichokiona. Mtu atalaumiwaje kwa kusema alichokiona?"

Neno hilo lilimchoma Nakiete kuliko tusi. Akafungua kinywa aseme, akaona miaka yake yote ya kungoja ikimwagika mbele yake. Akakifunga.

Basi kila Jumapili, huku nyimbo zikisikika ndani ya mlango uliofungwa, Mkunde alimfundisha wifi yake pale jiweni. Na ule wivu, badala ya kupoa, ukabadili sura. Sasa Nakiete hakumwonea tena wivu wa kichwa wala wa sauti. Alimwonea wivu wa usingizi wake, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa hapati usingizi.

Mwaka ukageuka. Wazee wakamsikiliza Nakiete, akavuka kutoka mkono hadi mkono bila kujikwaa. Jina lake likatangazwa. Jumapili zote tatu alitamani mtu asimame, na Jumapili zote tatu aliogopa asije mtu akasimama.

Siku ya Pasaka wakashuka mtoni. Nakiete alikuwa amejifunga shuka jeupe juu ya nguo zake. Mkunde alisimama ukingoni na mwanawe mchanga mgongoni, akiimba. Mchungaji akamshika Nakiete mkono, wakaingia hadi maji yakawafika kiunoni.

"Nakiete, je, unamkana Shetani na kazi zake zote?"

Nakiete hakujibu. Mchungaji akadhani hakusikia, akarudia. Waliokuwa ukingoni wakaanza kunong'ona, "Masikini, amesahau tena!"

"Sijasahau," Nakiete akasema kwa sauti. "Jibu nalijua. Lakini kazi yake moja bado ninayo mkononi, Baba Mchungaji. Mkunde hakwenda kwa Kitojo kwa ajili ya uganga. Nilisimama nyuma ya ua, nikasikia. Alikwenda kutenda jema, na neno lililomfunga mdomo ni siri ya mtu mwingine, nami sitaitoa. Nilijua yote haya siku ile niliposimama kanisani. Nilimwonea wivu."

Mchungaji akamwuliza kwa upole, "Unajua kwamba siwezi kukubatiza leo?"

"Najua, Baba."

Akatoka majini. Mchungaji akamwita Mkunde aingie, kwa kuwa hapakuwa tena na neno la kumzuia. Mkunde akababaika. "Jamani, sina shuka jeupe!"

Nakiete akafungua shuka lake jeupe, akamfunga wifi yake kiunoni.

"Limelowa, wifi," Mkunde akanong'ona, machozi yakimtoka.

"Si unaingia majini? Nipe mtoto."

Akamchukua mtoto, akasimama ukingoni. Mkunde alipoibuka na watu wakapaza wimbo, Nakiete alihisi ule uchungu wa zamani ukimgusa kidogo kifuani. Hakujidai haupo. Alimwomba Mungu ausogeze, akaendelea kuimba.

Alingoja miaka miwili mingine nje ya mlango ule, bila kunung'unika, kisha akabatizwa. Wanasema alipokuwa bibi kizee watoto walimwuliza, "Bibi, ulibatizwa lini?" Naye akawajibu, "Nilizamishwa Pasaka ya saba ya kungoja kwangu, wajukuu zangu. Lakini Shetani nilimkana Pasaka ya tano, maji yakiwa kiunoni tu."

Tujiulize basi, sisi tulioitikia swali lile, wengine kwa vinywa vya wazazi wetu: tulipokana, tulibakiza nini mikononi? Mwenyezi Mungu atujalie ukweli wa Nakiete, na subira ya Mkunde.