Kiti Kimoja Kwenye Lori la Kabichi

Sogeeni. Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, masikio ndiyo ninayoyataka. Nina jambo la kuamuliwa. Kijiji chetu kizima kimelishindwa, na mimi nimelishindwa, na si kawaida yangu kukosa la kusema.

Huko kwetu milimani, kwenye ukungu na kabichi, kuna nyumba ya watu watatu, kila mmoja na chake. Bibi Mwasiti ana masikio. Macho yamekwisha, lakini hakuna ndoa inayotikisika wala kuku anayepotea asijue yeye kwanza. Mwanawe Hoza ana miguu. Mkiagana naye mlangoni, kabla hujafunga kitasa ameshavuka mto. Na Mwantumu, binti wa Bibi, ana ulimi. Ukisimama kumwamkia asubuhi, tuma mtu nyumbani aseme chakula cha mchana wasikuwekee.

Watatu hao ndio waliomlea Sikudhani, mtoto aliyeachwa na kaka mkubwa wa Hoza na Mwantumu alipofariki. Hakuwa na mama wa karibu zaidi ya Shangazi Mwantumu, wala baba zaidi ya Baba mdogo Hoza, na usiku alilala mgongoni kwa Bibi mpaka alipokuwa msichana mkubwa.

Sikudhani akamaliza kidato cha sita, akaomba chuo kikuu. Laini ya simu hakuwa nayo, maana kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka, akaandika namba ya shangazi yake. Nyumba ikafurahi, isipokuwa Hoza. Yeye alinuna. Akaacha hata kumwitikia mtoto salamu.

"Akasome nini tena?" alisema. "Kusoma si kashasoma?"

Watu walisema ana roho mbaya. Mimi sisengenyi, lakini nilisema pia.

Basi Ijumaa moja Sikudhani akashuka sokoni kwa Kilua, yule kijana wa stesheneri, mwenye kompyuta peke yake bonde zima. Kilua akatazama, akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Umechaguliwa vyuo viwili, dada. Sasa lazima uthibitishe kimoja. Namba za siri zilitumwa kwenye simu uliyoandika. Mwisho leo jioni. Ukikosa, nafasi yako anapewa mwingine."

Mtoto akapanda mlima mbio. "Shangazi, simu yako iko wapi?"

Mwantumu akashika kinywa. Mnajua tena kwetu. Mtu akienda matangani mbali, anaazimwa mwavuli, anaazimwa sufuria, na siku hizi anaazimwa hata simu, laini ikiwa ndani yake. Mwantumu alikuwa amemwazima Mama Chogo. Mama Chogo amerudi zamani, na asubuhi hiyo alikuwa ameshakwenda shamba la mbali. Ndani kwake simu haipo. Sikudhani akakaa chini kwenye vumbi.

Bibi Mwasiti alikuwa anapukuchua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Mama Chogo hakurudi na simu," akasema. "Alirudi na sufuria, tena si ile aliyokwenda nayo. Simu alimwachia wifi yake, yule mwembamba. Na msimtafute kwa mumewe, wamegombana kwa ajili ya mbuzi tangu Jumatatu. Yuko kwa mama yake, Kwemtindi."

"Mama, nani kakwambia?" Mwantumu akauliza.

"Aliyeniambia alidhani nimesinzia."

Kama si Bibi Mwasiti, hiyo simu ingetafutwa mpaka leo.

Lakini Kwemtindi ni ng'ambo ya bonde, ushuke mpaka mtoni, upande tena, na mvua ilikuwa imeshaanza. Wakatazamana. Hoza alikuwa kizingitini, amenuna vilevile. Akavua mabuti yake, akayaweka pembeni vizuri, akapotea kwenye ukungu peku. Huko Kwemtindi wanasema aliingia uani kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Nipe simu ya dada yangu."

"Shemeji, hata salamu?" akasema yule wifi mwembamba.

"Salamu nitaileta siku nyingine."

Akageuza. Mtoni maji yalikuwa yamejaa, akavuka na simu ameiuma kwa meno. Kama si Hoza, simu ingejulikana ilipo, na huko ingebaki.

Sasa kule sokoni Kilua alikuwa anafunga duka. Jioni ile alikuwa anapeleka posa, kashavaa koti, kashashika kufuli. Sikudhani, aliyekuwa ameshashuka na shangazi yake kumngoja Hoza pale, akamsihi; Kilua akasema hawezi, wazee wanamngoja. Ndipo Mwantumu akaketi pale mlangoni, katikati kabisa.

"Hongera, mwanangu. Mchumba wa wapi?"

"Wa kule juu, shangazi. Naomba nipite."

"Kule juu kwa kina nani? Kwa yule mzee mwenye ng'ombe mweupe?"

"Huyohuyo."

"Aaa," akasema Mwantumu, akanyamaza. Alinyamaza kidogo tu, lakini nyie hamjamsikia Mwantumu akinyamaza.

Kilua akaweka kufuli mezani. "Kwani vipi, shangazi?"

Basi akaanza na bibi yake yule binti, akaja kwa mama, akapitia shangazi watatu, wote kwa sifa njema, lakini kila sifa aliikatia mahali ambapo lazima uulize ya mbele. Alikuwa kwenye shangazi wa tatu Hoza alipotokea, tope mpaka kiunoni. Sikudhani akasoma namba. Kilua akabonyeza. Ikakubali. Kama si Mwantumu, simu ingefika kwenye mlango uliofungwa.

Hoza akamtazama mtoto. "Sasa mimi nitagombana na nani pale nyumbani?" akasema. Kumbe ndiyo sababu ya kule kununa kote.

Sasa sikilizeni nilipowaitia. Kwetu, anayeondoka mara ya kwanza husindikizwa na mtu mmoja mpaka mlango wa huko aendako. Mtu huyo ndiye mwenye njia yake. Kila akirudi, maisha yote, ataanza kwa huyo: atatua mzigo kwake, ale kwake, amsimulie yeye kwanza. Wengine wangoje.

Alfajiri ya safari lori la kabichi likaja, mbele pana nafasi ya Sikudhani na mtu mmoja. Wakatoka watatu, kila mmoja na kifurushi chake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Mama, na umri huo, utafika?" akasema Mwantumu.

"Kwa sababu ya umri huu ndiyo nakwenda. Nyie mtamsikia nikishaondoka duniani."

"Nani aliyeiazimisha simu?" Hoza akamuuliza dada yake.

"Na nani aliyesema mtoto asiende?"

Dereva akapiga honi. Wakamwambia Sikudhani achague mwenyewe. Akawatazama, akafunika uso kwa kanga. "Msiniulize mimi," akasema. "Mkiniuliza mimi, nashuka."

Na msiniambie waende wote, dereva ameshakataa. Kiti ki wazi, mtoto amekipangusa maji ya mvua kwa pindo la kanga yake, na injini inanguruma. Mwenye masikio, mwenye miguu, mwenye ulimi. Je, wewe ungemfungulia nani mlango?