Sufuria Iliyovuka Michongoma

Hapo zamani, nanyi msinihesabie miaka, palikuwa na shule mbili kwenye mteremko wa Mlima Meru. Moja ilikuwa ya serikali. Ya pili ilikuwa ya kimataifa, watoto wake wametoka kila pembe ya dunia. Katikati yao palisimama ua wa michongoma.

Nchi ilikuwa imeiambia ile ya kimataifa: fundisheni mtaala wenu, hatuwazuii. Lakini mtoto anayekulia hapa ajue lugha yetu, aweze kazi ya mikono, na aishi vyema na jirani. Mkaguzi akija asiyaone hayo, kibali kinakwisha na shule inafungwa.

Mkuu wa shule, Bi Hanneke, alitoka Uholanzi. Alipunguza hisabati ili apate kipindi cha Kiswahili na mapishi. Wazazi wakamjia juu, wakasema hawakulipa karo ili watoto wao wachambue maharage. Akawasikiliza, akawapa chai, na kipindi kikabaki. Kisha akafungua mlango kwenye michongoma, ili kila Alhamisi watoto wa pande mbili wacheze pamoja.

Kipindi hicho alipewa Mwalimu Ndeshi. Akafundisha makande. Lakini kipindi kilikuwa cha dakika arobaini, na mahindi makavu hayajui ratiba. Basi akawa anayachemsha nyumbani kwake, kwa kuni zake, pamoja na maharage, mpaka yanaiva, ndipo anakuja nayo darasani. Watoto walitia kitunguu na nyanya, wakakoroga, wakala, wakajiona wapishi.

Siku ya ukaguzi akafika mkaguzi, Bwana Lukumay, na mfuko wa mahindi na maharage makavu. Akasema kwa upole kwamba leo atakula makande yatakayopikwa na watoto wenyewe, na walimu wakae kando. Kisha akaenda kuzunguka madarasani.

Watoto wakafanya kama walivyozoea. Wakaosha, wakatia vyote sufuriani, wakakoroga, na dakika arobaini zilipokwisha wakaepua. Yuna, binti wa mhandisi wa barabara kutoka Korea, akaonja. Punje ikagonga meno kama kokoto.

Ng'ambo ya ua, Naserian, kiranja wa jikoni wa shule ya serikali, alikuwa anajiandaa kuwapakulia wenzake makande alipomwona mlangoni.

"Yuna, mbona umenuna?"

Yuna akamweleza. Naserian akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, nyie mlikuwa mnapika au mnayaogesha?"

Kisha akanong'ona na wenzake, na sufuria yao ya makande ikavuka mlangoni. Wao mchana ule waliambulia mapera tu.

Bwana Lukumay akarudi, akala. Akaongeza kijiko. Akasema chakula hiki kimepikwa na watu wanaojua. Kibali kilikuwa mezani, kalamu juu yake.

Yuna akasimama.

"Samahani, babu. Hayo si yetu. Yetu yako kule nyuma, ni magumu. Hayo ni ya kina Naserian, na wao hawajala."

Bi Hanneke akafumba macho. Bwana Lukumay akamaliza sahani yake, akaifuta kabisa. "Kuchemsha mahindi mtajifunza," akasema, akatia sahihi.

Siku chache baadaye akarudi na mtamba kutoka zizi lake mwenyewe, akamfunga kwenye ule mlango wa michongoma. Akasema, "Huyu ni wa yule aliyemfanya Yuna kuwa mtoto wa hapa. Mchague mmoja, maana ng'ombe hagawanyiki akiwa hai."

Mwalimu Ndeshi akasema lugha ambayo Yuna aliisemea ukweli, yeye ndiye aliyemtia mdomoni, neno kwa neno, na kuni zake zimekwisha kwa ajili ya kipindi hicho. Watu waliokusanyika wakamtania kwamba kuni hizo ndizo zilizowaficha watoto ugumu wa mahindi. Akacheka, lakini hakuondoa dai lake.

Bi Hanneke akasema, "Bila kipindi na bila mlango, Yuna angemjulia wapi Naserian?" Wakamkumbusha kuwa ni ratiba yake iliyowafanya watoto waamini makande huiva kwa dakika arobaini. Hakukataa.

Naserian akasema, "Sisi ndio tulioshinda na njaa. Yuna alituona tumekaa pale uani bila sahani, ndiyo maana akasimama."

Akaambiwa, "Lakini ninyi, binti, mlimpa cha kudanganyia."

"Tulimpa chakula tu," akajibu. "Kudanganya hatukumwambia."

Yuna alipoulizwa, alifikiri sana. Akasema hajui. Hakuwa akijua kwamba alikuwa anafundishwa.

Jioni inaingia, baridi ya mlimani inashuka, na mtamba anataka banda la kulala. Kamba hii hapa, nawakabidhi ninyi mnaonisikiliza. Je, nani alistahili? Mtamfungulia upande gani wa ua?