Bakuli la Senene

Isome taratibu, kisha mpelekee yeyote mwenye mtoto shuleni.

Kokushubira alihamia shule moja ya Tanga akitokea Bukoba, baba yake alipopewa uhamisho. Ilipotangazwa siku ya utamaduni, kila mtoto aje na chakula cha kwao, Koku hakuwaza sana. Bibi yake alikuwa amewatumia senene, na kwa bibi yule senene hapewi mtu hivi hivi. Ni wa mgeni wa heshima.

Alipofunua bakuli, wenzake wakaangua kicheko. Eti kaleta panzi. Mwalimu Mgaza si mtu mbaya, ila siku hiyo mgeni rasmi alikuwa amemkaa kichwani. Akamwambia Koku ahamishie meza yake nyuma ya madarasa, kule kwenye mabomba, wageni wasije wakashtuka.

Koku akaiburuza meza, machozi yakimlenga. Alichotaka ni watu waonje tu, basi. Sasa huko nyuma nani angemfuata?

Mara akasikia meza nyingine inakuja. Alikuwa Mwanahawa, anayekaa naye dawati moja, na sufuria lake la pweza wa nazi.

"Na wewe umefukuzwa?" Koku akamuuliza.

"Nimejifukuza. Ulipokuja kwetu uliiona miguu ya pweza ukalia, lakini ukafumba macho ukala, kwa sababu mama ndiye aliyekupakulia. Leo zamu yangu."

Akafumba macho, akatia senene mmoja mdomoni. Akatafuna. Akafumbua jicho moja, akachota tena, safari hii kiganja kizima. Wenzao waliomfuata kuchungulia wakaanza nao kuomba.

Mgeni rasmi kufika, meza ya Pwani, ile ya Mwanahawa, haipo. Akafuata harufu ya nazi mpaka mabombani, Mwalimu Mgaza nyuma yake jasho linamtoka. Wakakuta watoto wamejazana wanagombea senene. Mgeni naye akaomba, akala, akaomba tena.

Bakuli likabaki na senene wachache. Koku akalifunika kwa mkono, akampelekea mwalimu wake.

"Hawa ni wako, Mwalimu. Mama alisema uonje wa kwanza, maana wewe ndiye uliyenipokea hapa. Samahani umekuwa wa mwisho."

Mwalimu Mgaza akala, na aibu ilimshika kwelikweli. Alipomaliza akaibeba ile meza mwenyewe, akaenda kuiweka mbele kabisa, mlangoni pa kuingilia wageni.

Funzo: Ukimwambia mtoto aje na kwao, patengee kwao nafasi sebuleni, usipafiche nyuma ya nyumba.