Rundo la Kuni la Siwema

"Jicho kwa jirani, mchwa nyumbani." Mlimsikia Bi Zaina jana akimtupia mkwewe maneno hayo, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza mchwa wameingiaje katika habari za majirani. Basi pukuchueni hayo mahindi huku mkinisikiliza, maana hadithi haijazi gunia. Mchwa waliingia kwa njia ya rundo la kuni, na mwenye kulipanga rundo hilo alikuwa mwanamke aitwaye Siwema.

Siwema na mumewe Mhina waliishi katika kitongoji cha Kwemhanga, upande wa mashamba ya mkonge. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa walikaa kwa mama yake Mhina, chumba kimoja na magunia ya mahindi, na Siwema akikohoa tu mama mkwe aliuliza kupitia ukutani ana nini. Hakuwa mama mbaya, lakini mtu hukohoa kwa raha kwake. Kwa hiyo Mhina alipomaliza kusimamisha nyumba yao wenyewe, ya miti na udongo, vyumba viwili na bati kuukuu juu, Siwema aliiona kama jumba. Alijua pia kuwa nyumba ile ikianguka hawana pengine pa kwenda ila kule kule kwenye magunia.

Mhina alikata mkonge siku sita, na Jumapili akawa fundi wa nyumba yake. Saruji hawakuiweza. Walitumia kilichokuwapo: udongo wa kichuguu kwa sakafu, samadi na udongo mwekundu kwa kusiriba, mbao za makasha kwa madirisha. Kazi waligawana. Mhina alijenga na kuziba. Siwema, kila Jumapili asubuhi, alifagia chini ya kuta pande zote nne, akakwangua njia za mchwa zilizoanza kupanda, kisha akanyunyiza majivu mapya kuzunguka nguzo. Mama mkwe alimfundisha kazi hiyo kabla hajamfundisha hata kupika. Alimwambia kuwa nyumba ya udongo haiuawi na mvua, huuawa na mwenye nyumba asiyeinama.

Siwema akainama mwaka mzima. Kisha wakahamia majirani.

Walikuwa Semkiwa na mkewe Mwanjaa, nao hawana kitu kama wao. Walijenga upande wa pili wa ua wa minyaa. Siku ya kukandika, Siwema alisikia kicheko. Alisogeza minyaa kidogo akachungulia. Mwanjaa na mumewe walikuwa wamepandisha nguo magotini, wanakanyaga udongo kwa miguu, wameshikana mikono wasiteleze, na Mwanjaa akiteleza Semkiwa anamvuta huku wanacheka mpaka wanakaa chini.

Siwema alihisi kitu kikimchoma chini ya kifua. Alijiambia ni kwa sababu udongo wao ulikuwa mwekundu kuliko wake.

Minyaa ikakua, ikazidi kimo cha mtu, na tundu la kuchungulia likaziba. Hapo ndipo Siwema alipoanza kupanga kuni kwenye kona ya nyuma, mahali nyumba yake ilipokaribiana na ua. Kila mke wa Kwemhanga alijua kuwa kuni hukaa juu ya uchaga, kamwe haziegemezwi ukutani. Siwema alijua vizuri kuliko wengi. Lakini alipanga gogo juu ya gogo mpaka rundo likawa ngazi, na Mhina alipouliza, akasema chini ya upenu hazitalowa.

Kuanzia hapo, kila jioni Siwema alipanda. Aliona baraza la udongo likijengwa mbele ya nyumba ya Mwanjaa. Aliona dirisha lenye mbao za kukingama. Aliona ukuta ukisiribwa mwekundu, chini ukapigwa mkanda wa chokaa, na wapita njia wakisimama kuusifu. Kila alichokiona alishuka nacho kikimuuma, akamsubiri mumewe nacho.

"Wenzetu wana baraza," alisema, na Mhina akatumia Jumapili tatu kujenga baraza. Lilipokauka, Siwema hakulikalia hata mara moja, kwa kuwa siku hiyo Mwanjaa alikuwa amepata dirisha jipya. Mhina akang'oa dirisha zima alilolitengeneza kwa mikono yake, akatia la mbao za kukingama. Likaja suala la mkanda wa chokaa.

"Mke wangu," Mhina alisema, mikono imejaa chokaa, "nyumba ile ni ya Mwanjaa. Hii unataka iwe ya nani?"

Siwema akamsogezea chungu cha chokaa.

Msiniulize kama alikuwa akifagia chini ya kuta. Kufagia ni kuinama, na shingo yake ilikuwa imezoea kunyooka. Tena kona ya nyuma ilikuwa na kuni, ufagio haukupita. Jumapili moja ikaenda, nyingine ikaifuata, na majivu ya jikoni akayatupa shimoni.

Mwanjaa naye hakuwa kipofu. Jioni moja aliinua uso akaona kichwa juu ya minyaa.

"Karibu, shoga," akaita. "Zunguka upite mlangoni, nina uji hapa."

"Namtafuta kuku wangu," Siwema akasema, akashuka mbio mpaka akakwaruza goti. Mara mbili zaidi Mwanjaa alimkaribisha. Mara mbili zaidi kuku yule alipotea, na nyumba ile, wanangu, haikuwa na kuku hata mmoja.

Masika yalipokaribia, Mhina alitaka kuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ambapo majirani huja kukandika kwa siku moja na mwenye nyumba huwapikia. Kuta zilihitaji tabaka jipya kabla ya mvua. Siwema akakataa. Akasema msaragambo utamleta Mwanjaa, na hataki miguu ya Mwanjaa katika udongo wake.

"Amekukosea nini yule?" Mhina akauliza.

"Hajanikosea kitu," alisema Siwema, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi.

Mvua za kwanza zikanyesha kuta zikiwa kama zilivyokuwa. Alasiri moja zilipotulia, Siwema alirudi kutoka kwenye kuni zake na habari mpya: Mwanjaa ametengenezewa rafu ya vyombo, ubao mrefu, sahani zimesimama juu yake. Mhina hakubisha. Alikuwa ameacha kubisha siku nyingi, na Siwema hakugundua kuwa huo si utii. Mhina alichukua ubao, nyundo na misumari, akaingia ndani mpaka kona ya nyuma, kwenye nguzo kubwa iliyobeba paa, akaweka msumari na kupiga.

Msumari ukazama wote kwa pigo moja. Mhina akatazama. Akapiga nguzo yenyewe polepole, na nyundo ikaingia kama inaingia katika muhogo uliooza. Unga mkavu ukamwagika miguuni pake, na ndani ya unga kulikuwa na mchwa.

"Toka nje," akasema kwa sauti ya chini. "Siwema, toka nje sasa hivi."

Walitoka. Bati lililia, kona ya nyuma ikapiga magoti taratibu, na ukuta wenye mkanda wa chokaa ukalala juu ya rundo la kuni. Nusu ya nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini ilisimama kwa huruma tu.

Mhina aliondoa magogo moja moja. Lile la chini lilikuwa ganda tupu, na kutoka kwake njia ya mchwa, nene kama kidole gumba, ilikuwa imepanda nyuma ya kuni mpaka kwenye nguzo.

"Hizi zimekaa hapa muda wote huu," alisema. "Ulikuwa hapa kila jioni. Ulikuwa unatazama nini?"

Siwema alitaka kusema kuku. Akaona magunia ya mama mkwe, akaona Jumapili zote za mumewe zimelala kwenye matope, akalia.

"Nilikuwa nawatazama wanavyocheka," akasema. "Sikutaka baraza. Wala dirisha sikulitaka. Nilimwonea wivu kwa kuwa wanakanyaga udongo pamoja, nami nimekaa mlangoni nakuagiza."

Mhina aliweka gogo chini. "Hukuwahi kuniambia unataka kuingia kwenye udongo."

"Nawe hukuwahi kuniita."

Kishindo kilikuwa kimewaleta majirani. Semkiwa alikuja na nguzo mbili begani, zile alizojiwekea kwa ajili ya jiko lake. Mwanjaa alikuja na jembe. Siwema alipomwona alijifuta uso, akamwambia mbele ya wote, "Kuni hizi nilizipanga mimi, nipate kukutazama."

"Najua," Mwanjaa alisema. "Nimekuita mara tatu. Mlango ulikuwa wazi, shoga yangu, ukapendelea gogo."

Watu wakacheka, na Siwema, aibu imemjaa, akacheka nao kidogo. Kisha udongo ulipochimbwa na kumwagiwa maji, akapandisha kanga magotini, akaingia kwenye udongo. Ulikuwa baridi, ukampanda katikati ya vidole. Mhina akampa mkono asiteleze. Aliteleza hata hivyo.

Kona ilisimama tena baada ya siku nne. Hawakurudi kwa mama mkwe, ingawa mama mkwe mwenyewe alikuja, akatazama, akasema yote aliyokuwa ameyaweka akiba.

Sasa msije mkadhani wivu wake uliisha. Mwanjaa alipopata mlango wa mninga, Siwema alikosa usingizi, na yeye ndiye aliyekuwa akilisimulia hilo bila kuulizwa. Lakini kila Jumapili, kabla hajauangalia mlango wa mtu, alichukua ufagio na chungu cha majivu, akazunguka nyumba yake kona zote nne. Alinyunyiza, akakwangua, na alipofika kona ya nyuma aliinama zaidi kuliko kwingine, akajiambia kwa sauti ambayo hata wa upande wa pili wa minyaa waliisikia: "Jicho kwa jirani, mchwa nyumbani."