Cheo cha Siri cha Nyati na Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanakwenda shule, Pimbi alikuwa mwalimu mkuu. Ndiyo, Pimbi huyuhuyu anayeenea kikapuni! Msicheke.

Chini yake walikuwa walimu wawili, Nyati na Kiboko, na madarasa mawili yaliyotazamana. Kengele ikilia, nge! nge! nge!, wao wako ofisini wanakunywa uji.

"Mwalimu Kiboko, ingia darasani, tafadhali," Pimbi husihi.

"Mbona humwambii Nyati? Mvivu yule!"

"Mwalimu Nyati, kipindi kimeanza."

"Aka! Aanze Kiboko."

Siku moja ikaja barua ya Mkaguzi Tembo: "Nakuja wiki ijayo. Nikikuta darasa halina mwalimu, naifunga shule."

Pimbi akaisoma mara mbili. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Watoto wa digidigi wangefikaje huko na vimiguu vile? Akamvuta Kiboko mkia aende darasani, Kiboko hata hakuhisi.

Basi akamwita Nyati pembeni. "Mwalimu, nakupa cheo cha siri. Wewe ni mwangalizi wa Kiboko. Nataka kujua anaingia darasani saa ngapi na anatoka saa ngapi."

"Ehee!" Nyati akavimba kichwa. "Nimwangalie nikiwa wapi?"

"Anaonekana vizuri mahali pamoja tu: ukisimama mbele ya darasa lako."

Kisha akamwita Kiboko, akampa cheo hichohicho, amwangalie Nyati.

Kesho yake, kengele haijalia, pu! pu! pu! Nyati huyo darasani. Kiboko naye kule, macho dirishani. Watoto wakashangaa.

"Mwalimu, leo tunasoma nini?"

Nyati angefanyaje? Akashika chaki. Kiboko kuona mwenzake anaandika, akaandika maradufu. Ikawa hivyo kila siku.

Mkaguzi Tembo akafika, ti! ti! ti! Akachungulia huku, akachungulia kule. "Walimu hodari hawa! Shule haifungwi."

Pimbi akaketi palepale chini, akashusha pumzi. "Hiii!" Machozi yakamtoka kwa furaha. Uji wake uliopoa tangu asubuhi akaunywa wote, akalamba na kikombe.

Watoto walipokwenda nyumbani, wale wawili wakaleta taarifa.

"Kiboko hakuchelewa hata siku moja," alisema Nyati.

"Na Nyati hakukosa kipindi," alisema Kiboko.

Wakatazamana. "Kumbe na wewe ulipewa cheo?"

Pimbi alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje, tayari kutimua mbio. Lakini Kiboko aliangua kicheko, kwa! kwa! kwa!, na Nyati akacheka mpaka akakaa chini.

"Ametuweza huyu mdogo!"

Asubuhi iliyofuata waliingia darasani wenyewe, bila cheo.

Basi wanangu, kiongozi hahitaji nguvu za kusukuma watu, anahitaji kujua kila mmoja atakwenda kazini kwa njia gani.